Maharimu wa Mama Mkwe

Nilisilimu sebuleni kwa baba mkwe, Msasani, kwa muda ambao chai yangu haikuwahi kupoa. Walikuwapo wazee watatu na mwalimu wa madrasa ya mtaa. Mimi nilikaa kwenye mkeka ndani ya kanzu ya kuazima iliyonibana kwapani. Mwalimu alitamka, nami nikafuata. Nikapewa jina jipya, wazee wakanishika mkono, mmoja akanisogezea sahani akasema, "Haya, sasa wewe ni wetu. Kula halua." Nikala. Wiki mbili baadaye nikaoa.

Sina wa kumlaumu kwa siku ile. Baba mkwe alikuwa ameniuliza mara mbili, "Kijana, umefikiri? Hili jambo lina uzito." Nikamjibu kwamba nimefikiri. Nilichokuwa nimekifikiria ni binti yake, mpiga chapa katika ofisi ya kiwanda nilichofanyia kazi ya ukarani wa stoo. Dini niliichukua kama fomu ya kujazwa ili mambo yaende. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne kwa mapadri, huko kusini karibu na Masasi, na elimu ile ilinifundisha kujaza fomu vizuri sana.

Tulihamia Temeke, vyumba viwili na ua. Uhuru ulikuwa bado mpya, na baadaye likaja Azimio na maneno ya Ujamaa, tukawa na balozi wa nyumba kumi, foleni za unga na mikutano ya Jumapili. Mikutano ile ilinifaa. Jumapili mbili au tatu kwa mwaka, na kila Krismasi, nilimwambia mke wangu kwamba nina mkutano au zamu, nikapanda basi kwenda parokia ya mbali ambako hakuna aliyenijua kwa jina jipya. Mke wangu alinipigia pasi shati bila kusema neno. Mtu haendi kuhesabu magodoro ya stoo amevaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa. Alijua. Hakuniuliza, na mimi nikaita kimya chake ridhaa.

Mwezi wa Ramadhani nilifunga nyumbani na kula kiwandani. Saa saba nilikuwa kwenye kantini na sahani ya ugali na maharage pamoja na Wakristo wenzangu, na magharibi nilikuwa Temeke, nikiipokea tende kwa mkono wa kulia kama mtu aliyeshinda na njaa. Mara moja kila wiki ya mfungo mama mkwe alileta futari kutoka Msasani. Yalikuwa mabasi mawili na mwendo wa miguu, naye ameshika bakuli la uji wa pilipili manga lililofungwa kwa kitambaa. "Mpeni kwanza baba," alisema, yaani mimi, "huyu anafanya kazi ya kunyanyua vitu na funga yake." Nilikunywa uji ule wote. Hadi leo sijui kwa nini haukunikwama kooni.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake katika nyumba ile ya Msasani. Watoto wengine walikufa wadogo, na mke wangu ndiye pekee aliyebaki hai. Kaka zake mama mkwe wote walikuwa wametangulia. Mwanamume wa karibu aliyebaki kwa upande wake alikuwa mtoto wa kaka yake, seremala wa Bagamoyo, mtu mpole aliyemwita shangazi kwa sauti ya upendo hata alipokuwa akiomba maji ya kunywa tu.

Basi siku moja, mwaka wa pili baada ya msiba, mama mkwe alikuja Temeke bila bakuli. Aliketi kwenye mkeka upande upande, uso kaugeuzia mlango, kama ilivyo adabu kati ya mama mkwe na mkwe wake. Miaka yote ile sikuwahi kula naye sahani moja wala kugusa mkono wake. Chumba chake cha kulala sikujua hata kama kina dirisha.

"Baba, nimekuja na haja," alisema. "Nataka kwenda Makka."

"Jambo jema, mama."

"Ni jema, lakini mwanamke haendi peke yake. Lazima awe na maharimu."

Nilikuwa sijui neno hilo, akanieleza. Maharimu ni mume, au mwanamume ambaye sheria haimruhusu kamwe kumwoa yule mwanamke: baba yake, mwanawe, kaka yake, mtoto wa kaka yake. "Na mkwe pia yumo," alisema. "Tangu siku ile ulipomwoa mwanangu, wewe kwangu ni maharimu mpaka kufa."

Kisha akasema maneno ambayo yalikuwa mlango wangu wa kutokea, kama ningekuwa na akili ya kutoka. "Mtoto wa kaka yangu anakwenda mwaka huu na mama yake. Ameniambia, shangazi, twende sote watatu. Nimemwambia angoje kwanza nimuulize mkwe wangu. Mie nilizika wana wawili wa kiume. Wewe ndiye uliyekaa pale walipokuwa wakae wao. Ningependa unipeleke wewe."

Jikoni mke wangu alikuwa anakuna nazi. Sauti ya kukuna ikakatika.

Nilitakiwa kusema, "Mama, nenda na mtoto wa kaka yako, mimi kazi hainiruhusu." Asingehuzunika hata siku tatu. Nilisema, "Nitakupeleka, mama."

Alipoondoka mke wangu alikuja na mikono imejaa machicha. "Kwa nini umekubali?"

"Ningemkatalia vipi?"

"Ungesema kazi. Ungesema mgongo. Wewe unajua kusema bwana, usinifanye mie mjinga leo."

"Amenililia habari za wanawe."

"Hakulia. Mie nilikuwa jikoni, nimesikia. Hakulia hata kidogo."

Alikuwa sahihi. Na sababu yenyewe haikuwa huruma. Nataka kuiandika hapa kwa sababu sijawahi kuisema mahali popote. Nilitaka kusafiri. Miaka ile mtu wa kawaida hakwenda nje ya nchi. Hata kuiona pasi ya kusafiria ilikuwa bahati. Na zaidi ya hapo nilitaka kuona mahali ambapo sikuruhusiwa kuingia. Shuleni, padri wetu wa historia alitueleza habari za mji ule. Alisema njiani kuna mahali ambapo asiye Mwislamu hugeuzwa, hata akiwa mfalme. Tulikuwa vijana arobaini darasani, na nadhani wote tulifikiri jambo moja.

Kule kwetu kila mahali pazuri palikuwa na mtu wake wa kuzuiwa. Kulikuwa na msitu wa mababu ambao padri hakuukanyaga. Kulikuwa na nyumba ya unyago ambayo mimi, mwanamume, nikiikaribia ningepigwa na shangazi zangu wenyewe. Kanisani kulikuwa na ngazi tatu mbele ya altare ambazo mama yangu, aliyeisafisha sakafu yote, hakuzipanda. Sikuwahi kuona ubaya katika hayo. Anayefunga mlango anajua anachokilinda. Ubaya niliouona baadaye ulikuwa wangu mimi, niliyejipa ruhusa ya kuingia kila nilipozuiwa, na nikaita hiyo ruhusa kuelimika.

Majina yetu yalipelekwa, yakakubaliwa. Orodha ikafungwa. Jina la mama mkwe liliandikwa, na kando yake, kwenye sehemu ya maharimu, likaandikwa jina langu la halua. Ikabaki fomu moja tu, ya watu wawili wa msikiti kuthibitisha kwa sahihi kwamba wananijua kuwa ni Mwislamu. Mzee mmoja wa Msasani alitia sahihi palepale kwa kuegemea ukuta. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa madrasa, yuleyule aliyenisilimisha. Alisema ataitia mafunzo yakiisha.

Mafunzo yalifanyika Jumapili asubuhi katika ua wa madrasa. Tulikuwa mahujaji kumi na mmoja. Katikati ya ua palikuwa na pipa kubwa la maji, mwalimu akalifunika kaniki nyeusi kutoka juu hadi chini, akatwambia tulizunguke mara saba, upande wa kushoto ukielekea pipa. Watoto wa madrasa walipanda ukutani kutuangalia na kucheka. Mwalimu akawafukuza kwa kandambili.

"Kule watu ni wengi kama mchanga," alisema. "Mwanamke asimwachie maharimu wake. Akimwachia, kumpata tena ni kazi. Haya, shikaneni."

Seremala wa Bagamoyo alimpa mama yake kiwiko. Wengine wakashikana. Mama mkwe alisimama nyuma yangu. Nilijua kwamba anaona haya, na mimi nikaona haya. Tulikuwa watu wazima wawili tusiojua pa kuweka mikono.

"Mama, nishike," nilisema bila kugeuka.

Akashika pindo la kanzu yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika samaki mwenye miiba. Tukaanza. Mzunguko wa kwanza alishika vidole viwili. Wa tatu alikuwa amekamata ngumi nzima ya nguo. Wa tano nikasikia anacheka nyuma yangu, cheko la chini, la mtu aliyejisahau. "Usikimbie baba, mie si askari." Nikapunguza mwendo. Alikuwa mwanamke wa haraka, aliyetembea kutoka Msasani hadi soko la Kinondoni na kapu kichwani bila kupumzika, na siku ile alizunguka pipa lile mara saba, kisha akamwomba mwalimu turudie.

Katika maisha yangu sijapata kuaminiwa namna ile. Na nilikuwa nafurahi. Sikuwa naona aibu hata kidogo, nilikuwa mbele yake nikiona fahari, kama kweli ni mimi ninayempeleka.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na mafunzo, na mchana nilikwenda kumwona rafiki yangu mchonga vinyago. Tulitoka kijiji kimoja, tukapakwa kipaimara siku moja, na alikuwa mtu pekee Dar es Salaam aliyeniita kwa jina langu la ubatizo. Aliishi upande wa pili wa Temeke na mke wake, aliyekuwa akinunua samaki Msasani na kuwakaanga kwa biashara. Palikuwa na wanaume watano uani, wote wa kwetu, na ndoo ya pombe ya mabibo. Rafiki yangu alikuwa anapiga msasa kinyago cha mzee mwenye mashavu makubwa.

"Nasikia bwana hajji unaondoka," alisema bila kuinua macho. Wengine wakaangua kicheko.

"Naondoka."

"Kule si wanachinja mtu wa misheni?"

"Nani atanijua? Nina jina, nina kanzu, nina mama mkwe."

"Na Baba Yetu uliye mbinguni utamweka wapi?"

"Kwenye begi," nilisema, "chini ya ndala."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Kicheko kile kilinipanda kichwani kuliko pombe. Nikaendelea. Nikasema kwamba nitaingia, nitatazama kila kitu, nitarudi niwaeleze kilivyo, kwamba mimi nitakuwa mtu wa kwanza kutoka misheni yetu kufika kule, na padri wa historia angekuwa hai angenibusu viatu. Rafiki yangu aliacha kupiga msasa.

"Na yule mama?" aliuliza.

"Mama gani?"

"Mama mkwe wako. Anajua anakwenda na nani?"

"Anakwenda na mkwe wake," nilisema. "Ana shida gani? Miguu ni yake, mimi namshikisha kanzu tu."

Hakucheka tena, lakini wengine walicheka kwa ajili yake. Mke wake alikuwa pale jikoni akipara samaki. Sikumwona, au nilimwona nikadhani mwanamke anayepara samaki hana masikio.

Hakuwa na nia mbaya. Asubuhi ya Jumanne alikuwa Msasani kwenye mnada wa samaki, akawaambia wenzake kwa mzaha, kama jambo la kuchekesha, kwamba shemeji yao wa Temeke anakwenda Makka na Baba Yetu ndani ya begi. Wanawake wa Msasani hawakuhitaji kuuliza shemeji gani. Kufikia adhuhuri mwalimu alikuwa ameshasikia kutoka kwa mke wake.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa mama mkwe. Mke wangu alikuwa kule siku hiyo, akimshonea mama yake nguo nyeupe za safari, na ndiye aliyenieleza yote. Mwalimu hakuingia ndani. Alisimama barazani akasema kwa heshima, "Mama, mie sipasui kifua cha mtu nikatazama kilichomo. Mkweo akisema ni Mwislamu, kwangu ni Mwislamu. Lakini maneno yamefika mnadani, na sahihi ni yangu. Ijumaa baada ya sala nitamwomba atamke tena shahada mbele ya watu, wala siongezi neno. Akitamka, natia sahihi papo hapo, na atakayesema tena nitamjibu mimi."

"Na asipotamka?" mama mkwe aliuliza.

Mwalimu alitazama chini. "Mama, hilo unalijua."

Alilijua. Mwanamke wa Kiislamu hana ndoa na mwanamume asiye Mwislamu. Ningesema hapana, au ningesitasita tu mbele ya watu, mke wangu angekuwa hakuolewa, na watoto wetu watatu wangekuwa na maswali ya kujibu mtaani maisha yao yote.

Mke wangu aliponieleza hayo jioni ya Jumatano hakupandisha sauti. Alisema, "Ulisema hivyo kweli? Chini ya ndala?"

"Nilikuwa natania."

"Basi Ijumaa uwatanie na wao."

Ilikuwa rahisi kutamka. Maneno niliyajua, niliyatamka nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita kwa ajili ya mwanamke. Ningeweza kuyatamka tena kwa ajili ya tiketi. Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda Msasani. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikwenda kumweleza mama mkwe ukweli, ili achague mwenyewe. Sina hakika. Inawezekana nilikwenda ili anihurumie.

Nilimkuta barazani na ungo wa mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nimekuja—"

"Najua umekuja. Kaa."

Nikakaa. Aliendelea kuchambua mchele, akitupa chuya kwa kuku. Kisha akasema, "Mie asubuhi nimekwenda kwa mwalimu. Nimemwambia afute jina langu. Miguu yangu haifiki huko."

"Miguu yako ni mizima, mama. Juzi tu ulizunguka mara kumi na nne."

"Juzi ilikuwa mizima."

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia."

"Usinambie." Alilisema upesi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinigeukia akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikishalisikia, nitakuwa nimelisikia. Siwezi tena kuwa sikulisikia. Mwanangu atakuwa nani? Wajukuu zangu watakuwa watoto wa nani? Mie sijakuuliza, baba. Na kesho mwalimu hatakuuliza, kwa kuwa hakuna safari, na fomu haina kazi. La kumwambia Mungu, mwambie Mungu."

Akarudi kwenye mchele wake.

Ningeweza kumwambia wakati ule kwamba nitatamka, na nitatamka kwa moyo. Ningeweza kumpigia magoti. Ningeweza kukimbilia Bagamoyo kumwomba seremala aende kwa mwalimu ajiandikishe maharimu wake, ili lifutwe jina langu na si la mama. Nilisema, "Ndiyo, mama." Akanipa chai, nikanywa, nikarudi Temeke kwa basi la saa tisa. Njiani nilisikia mwili wangu mwepesi. Hilo ndilo ninalolichukia zaidi kuliko yote: nilisikia wepesi.

Seremala na mama yake walikwenda. Waliporudi tulifanya karamu Msasani, na mama mkwe aliketi mbele kabisa. Alimuuliza seremala maswali kama mtoto. Jua la kule ni kali kuliko hili? Watu wanakanyagana kweli? Ile Nyumba ukiiona mara ya kwanza, unaiona yote au unaanza kuona kona?

"Shangazi, haielezeki," seremala alisema. "Unalia kabla hujajua unalia. Mwakani twende, mie nitakupeleka mwenyewe."

Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akitaka. Kisha macho yake yakapita kwa mke wangu, yakapita kwangu, na wanawake wa mnadani walikuwa wamejaa pale ndani, wakimsikiliza. Kama miguu ingepona mwakani, wangeuliza kwa nini iliugua mwaka huu, na mwaka ule alikuwa aende na nani.

"Miguu, mwanangu," alisema, akajikanda goti. "Miguu hainipi."

Tangu siku ile akaanza kuchechemea. Alinunua mkongojo. Soko la Kinondoni akaacha kwenda, akawa anaagiza watu. Futari akaacha kuileta, tukawa tunakwenda kuichukua. Mwanamke aliyeogopa hata uongo mdogo wa kusema yuko nyumbani kumbe anatoka, alidanganya kwa mwili wake mzima, kila siku, mbele ya kila mtu, kwa miaka sita. Mara moja nilifika bila kutarajiwa, nikamwona uani akikimbiza kuku aliyeingia jikoni. Alikuwa mwepesi kama zamani. Aliponiona alisimama, akanyoosha mkono kuutafuta mkongojo ukutani, akauchukua. Tukaamkiana.

Katika miaka ile sita sikuhamia upande wowote. Parokia niliacha kwenda, nikijidai kwamba ni kwa heshima yake. Msikitini nilikwenda siku za Idi na za mazishi. Kila nilipomwona anachechemea nilijiambia kwamba mwezi ujao nitakaa nifikiri, niamue mimi ni nani. Mwezi ujao ulikuwa na foleni zake na zamu zake.

Alifariki katika mwaka ambao sabuni ilikuwa haionekani madukani, tukatafuta ya kumwoshea nyumba kwa nyumba. Mke wangu alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipotoka aliketi ukumbini na wenzake, hakulia kwa sauti.

Baada ya arobaini, mchana mmoja Temeke, watoto wakiwa shuleni, alikuja akakaa mbele yangu kwenye kiti. Kwa kawaida tulikaa kwenye mkeka.

"Nilimwosha miguu," alisema. "Ilikuwa mizima. Haikuwa na uvimbe wala kovu. Ilikuwa miguu ya kwenda popote."



"Mama alikataa kukuuliza. Mie nilikataa kabla yake. Sasa nakuuliza, na nataka jibu moja. Wewe ni Mwislamu?"

Alitaka niseme ndiyo. Hilo naliona leo wazi kama naona mkono wangu. Aliniachia nafasi, alisubiri, mikono yake iko mapajani. Ningesema, "Nimekuwa, tangu mama alipoacha safari," angeniamini, na kwa kusema hivyo pengine ningeanza kuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kubeba, nikaona kwamba sasa ndipo pa kutua. Nilidhani ukweli ni kitu kizuri wakati wowote utakapoutoa.

"Hapana," nilisema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na kanisani?"

"Huko siendi tena. Miaka mingi."

"Basi uko wapi?"

 Alingoja. Alipoona jibu halitoki, alisema taratibu, kama anajisomea mwenyewe, "Kwa hiyo mama alikosa Makka kwa ajili ya mtu ambaye hayupo popote."

Alifunga nguo zake mchana uleule. Majirani walipouliza, alisema anakwenda kuangalia nyumba ya mama yake isiharibike. Watoto wakamfuata mwisho wa muhula. Hakwenda kwa kadhi, hakumwambia mwalimu, na hadi leo hajamwambia mtu sababu. Jambo hilo amelirithi kwa mama yake. Nilimbebea begi hadi kituo cha basi. Alilipokea kwangu kwa kushika upande ambao mkono wangu haukuwapo, akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili.

Mama mkwe aliacha safari ya Makka ili neno moja lisitamkwe ndani ya nyumba yetu. Alilizuia kwa miguu yake miaka sita. Mimi nililitamka nikiwa nimekaa kitini, mchana, kwa hiari yangu, nikidhani kwamba nimekuwa mtu mwaminifu.